Mashine haijui ngozi

Leo sitazungumza juu ya siasa wala bei ya unga. Nitazungumza juu ya makubadhi, na hasa jozi moja ya makubadhi niliyoiharibu mimi mwenyewe, mbele ya macho ya mwenye ngozi, huku nikijiona msomi.

Mjomba wangu ni fundi wa makubadhi mjini Tanga. Kibanda chake kiko Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, na amekaa hapo kwa zaidi ya miaka 40. Hushona viatu vya kila namna, lakini sifa yake imetokana na nakshi. Anayo bati la biskuti lililojaa chapa za chuma alizozitengeneza mwenyewe kwa kunoa vichwa vya misumari mikubwa. Chapa moja ni jani, nyingine ni nusu mwezi, nyingine ni kitone tu. Huilowesha ngozi kidogo, huweka chapa, hupiga nyundo mara moja, husogeza, hupiga tena. Jozi moja ya kuvaliwa na bwana harusi humchukua siku mbili.

Sasa mkono wake wa kuume umeanza kutetemeka. Nyundo ikitua kando, jani huenda upande, na ngozi ikishapigwa haifutiki kama daftari la mwanafunzi. Mwaka jana wateja walimrudishia jozi tatu. Mwenyewe hakumwambia mtu. Tulikuja kuambiwa na mkewe.

Ndipo binamu yangu, kifungua mimba wake, alipochukua mkopo katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, akanunua mashine ndogo ya kuchora kwa leza. Bei yake ilikuwa chini ya bei ya pikipiki mpya. Aliileta kibandani ikiwa katika boksi, akaifunga juu ya meza. Mzee aliitazama, akasema, "Haya, hongera," kisha akarudi kwenye msharasi wake. Hakuigusa siku hiyo, wala siku ya pili, wala mwezi uliofuata. Kufundishwa kazi na mtoto aliyemfundisha yeye kushika kisu, hilo lilikuwa jambo zito kwake.

Mwezi huo nilikuwa nimekwenda Tanga kwa likizo. Binamu yangu akanivuta kando. "Kaka," akaniambia, "wewe umezoea kompyuta za redioni. Jifunze mashine hii, kisha umwonyeshe mzee. Wewe atakusikiliza." Akanieleza na jambo jingine. Walikuwa wamepokea oda ya jozi 20 za makubadhi ya harusi, na malipo ya kwanza ya mkopo yalikuwa yanakaribia. Kwa mkono ule wa mzee, jozi 20 zisingepatikana kwa wakati. Na kuikataa oda ile ingekuwa sawa na kutangaza mtaani kwamba fundi amekwisha.

Basi nikakubali. Msikilizaji, mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, na najua kukata sauti kwa kompyuta. Nikajiambia, mashine ni mashine tu.

Kabla sijaendelea, nieleze kidogo leza ni kitu gani. Nuru ya tochi hutawanyika kadiri inavyokwenda mbali. Nuru ya leza ni ya rangi moja, nayo huenda kwa pamoja kama askari katika gwaride, kwa hiyo lenzi inaweza kuikusanya katika nukta ndogo kuliko ncha ya penseli. Joto lote likiwa mahali padogo namna hiyo, ngozi huungua palepale na pembeni hubaki salama. Msingi wa jambo hili ulielezwa na Albert Einstein mwaka 1917, lakini leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960, pale Theodore Maiman alipotumia kipande cha yakuti nyekundu huko California, Marekani. Mwaka 1964 Kumar Patel, mhandisi mzaliwa wa India, akatengeneza leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo hadi leo ndiyo inayotumika katika mashine nyingi kubwa za kukata ngozi, mbao na vitambaa.

Mashine ya binamu yangu ni ya jamii nyingine. Inatumia kijitaa cha dayodi kinachotoa nuru ya samawati. Nguvu yake ni wati 10, ambazo ukizisikia ni kama taa ya chooni. Lakini wati 10 zikikusanywa katika nukta moja hutoboa ngozi ya mbuzi kama sindano ya moto. Na jicho je? Jicho ni laini kuliko ngozi ya mbuzi. Kwa hiyo jambo la kwanza nililojifunza ni kuvaa miwani ya kinga, na si miwani yoyote tu. Miwani hiyo sharti iwe ya kuzuia rangi ileile ya nuru ya mashine uliyonayo. Miwani ya jua haisaidii kitu, na ile iliyotengenezwa kwa leza ya gesi haifai kwa leza ya samawati.

Siku ya kwanza nilitoboa ngozi. Niliweka nguvu yote, nikaweka mwendo mdogo, nikidhani nakshi itakolea. Ikakolea hadi ikatokea upande wa pili, na kipande kikawaka ndimi ndogo ya moto niliyoizima kwa kitambaa kibichi. Baadaye nikaelewa kwamba kazi yote imo katika mambo matatu: nguvu, mwendo, na umbali wa lenzi kutoka kwenye ngozi. Fundi mwenye busara huchukua kwanza kipande cha kutupa, akachora visanduku vidogo kwa mistari, kila kisanduku na nguvu yake na mwendo wake, kisha akachagua kile kilichotoa rangi ya kahawia safi bila kuzama. Kwa mashine ile na ngozi ile, kisanduku kizuri kilikuwa cha nguvu asilimia 25 na mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika. Namba hizo usizichukue kama dawa. Ngozi nyingine itataka nyingine.

Siku ya pili ndiyo niliyoharibu ile jozi. Nilichora kubadhi la kulia likapendeza, tawi la majani likipanda kutoka kidoleni kuelekea kifundoni. Nikachukua ngozi ya kubadhi la kushoto, nikabonyeza tena palepale. Nilipoviweka vipande viwili sambamba, matawi yote mawili yalikuwa yamelala upande mmoja. Nilikuwa nimetengeneza nakshi za miguu miwili ya kulia! Mchoro wa mguu wa pili hauna budi kugeuzwa kama unavyoonekana katika kioo, isipokuwa maandishi. Ukiyageuza hayo, hayasomeki. Mzee aliviangalia vile vipande, akaangalia miguu yangu, kisha akaendelea kutia nta uzi wake. Heri angenitukana.

Siku ya tatu nikaona maajabu mengine. Namba ni zilezile, umbali ni uleule, mchoro ni uleule, lakini kipande kimoja kimetoka na nakshi ya kahawia nyembamba iliyonyooka, na cha pili nakshi imezama, imekuwa nyeusi, na kingo zake zimevimba. Nikaifungua mashine, nikasafisha lenzi, nikapima umbali upya. Matokeo yakawa yaleyale. Binamu yangu akasema labda tumeuziwa mashine mbovu.

Hapo ndipo mjomba alipoinuka kwenye kigoda chake. Akachukua vile vipande, akakunja kimoja kwa kidole gumba, akakunja na cha pili. "Mashine yenu haina kosa," akasema. "Hii ni ngozi ya mgongo. Hii ni ya tumbo. Mgongo umeshikana, tumbo limelegea. Nyinyi mmechoma vitu viwili mkidhani ni kimoja."

Msikilizaji, mimi nilikuwa nimesoma maelezo ya mashine ile kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuna mahali palipoandikwa habari ya mgongo na tumbo la ng'ombe.

Kuanzia saa ile somo liligeuka. Aliyekuja kumfundisha mzee akawa ndiye mwanafunzi. Akanionyesha jinsi ya kuitazama ngozi kwa kuiinamisha dhidi ya mwanga, ili makovu ya kupe na ya miiba yaonekane kabla ya kukata. Akanionyesha ngozi iliyopigwa chapa ya moto na mfugaji katikati ya ubavu, mahali pazuri kuliko pote, ikawa haina thamani tena. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi kabisa barani Afrika, lakini ngozi nyingi huharibika kabla haijafika kwa fundi: kwa chapa, kwa kupe, na kwa kisu cha mchunaji mwenye haraka.

Akanifundisha vilevile kuzitenganisha ngozi kwa namna zilivyosindikwa. Iko ngozi iliyosindikwa kwa magamba ya miti, kama vile miwati, miti ambayo asili yake ni Australia na ambayo hapa kwetu imepandwa sana Njombe tangu miaka ya 1940 ilipokuwa ikielekea mwisho. Ngozi hiyo ukiikata, ndani ni ya kahawia, nayo hupokea nakshi ya leza vizuri. Iko na ngozi iliyosindikwa kwa chumvi za kromi. Mara nyingi hiyo huwa laini zaidi, na kabla ya kutiwa rangi, ndani yake huwa na weupe wa kuelekea buluu. Hiyo yataka tahadhari, maana moto mkali unaweza kuigeuza kromi iliyomo kuwa ya aina yenye sumu inayosababisha saratani. Moshi wake si wa kuvutwa na binadamu.

Na iko ya tatu, ambayo si ngozi kabisa. Hii ndiyo nusura inikomeshe.

Siku ya tano nilikuwa peke yangu mezani. Nikaokota kipande cheusi kilichokuwa chini, kimetengenezwa kwa mfano wa ngozi hata vinyweleo vinaonekana. Nikataka kujaribu herufi. Nikakiweka chini ya leza, nikabonyeza. Haikupita dakika moja, koo langu likakaba na macho yakaanza kutoa machozi. Mjomba alikuwa nje akiongea na mteja. Alinusa tu, akaingia mbio kwa umri ule wake, akachomoa waya ukutani, akanishika mkono akanitoa nje. "Ile ni rexini!" akanifokea. "Pua yako ina kazi gani?"

Rexini nyingi ni plastiki ya PVC iliyopakwa juu ya kitambaa. Plastiki hiyo ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu hugeuka kuwa tindikali. Unyevu wenyewe umo machoni mwetu, kooni na mapafuni. Hata mashine haisalimiki, kwani reli zake hushikwa na kutu. Mjomba hajui jina la gesi hiyo. Anachojua, tangu enzi za ujana wake, ni kwamba ukichoma uzi mmoja wa ukingo kwa kiberiti, ngozi ya kweli hunuka kama nywele zilizoungua, na ya bandia hunuka plastiki na kuyeyuka. Kwa ujuzi huo wa njiti moja ya kiberiti, pengine mapafu yangu yamesalimika.

Tangu siku hiyo kibanda kikawa na kanuni. Feni ya kuvuta moshi iliwekwa dirishani, ikaelekezwa nje. Ndoo ya mchanga ikakaa chini ya meza. Hakuna kipande kinachoingia kwenye mashine kabla mzee hajakishika. Na mashine ikiwa inawaka, mtu haondoki, hata akiitwa na mgeni. "Jiko la mafuta ya taa haliachwi na mtoto," mjomba akasema, "sembuse hili."

Ikabaki nakshi yenyewe. Michoro tuliyokuwa tukiitumia binamu yangu aliitoa kwenye intaneti. Ilikuwa ni maua mazuri, lakini ni maua unayoyaona pia katika mapazia na vifuniko vya simu. Mteja mmoja wa siku nyingi aliyaangalia, akauliza kwa upole, "Hii kazi ya mzee?" Hakuna aliyemjibu.

Jioni ile mjomba akalifungua lile bati la biskuti. Akapaka kila chapa rangi ya viatu, akaigandamiza juu ya karatasi nyeupe, moja baada ya nyingine, hadi karatasi ikajaa majani, nusu miezi na vitone. Tukaipiga picha kwa simu, tukaitia katika kompyuta, tukaifuata mistari yake. Kisha tukapanga safu ya majani, kila jani mbali na mwenziwe kwa kipimo kimoja. Tulifurahi sana. Mzee akatikisa kichwa.

"Hapa," akasema, akigusa mahali ambapo mguu hukunjika, "mimi huwa napitisha majani machache. Ngozi hukunjika hapa kila hatua. Nyundo yangu huibonyeza ngozi, haiondoi kitu. Moto wenu unaila. Mkichora sana hapa, kubadhi litapasuka kabla ya maharusi kurudi fungateni."

Mantiki yake ilikuwa safi. Chapa hulaza uso wa ngozi. Leza huuchoma na kuuondoa. Basi tukapunguza majani kwenye mkunjo, tukapunguza na nguvu. Akatufundisha pia kufuta masizi kwa kitambaa chenye unyevu na kupaka mafuta kidogo, kwa sababu joto huikausha ngozi. Mimi nami nikapata la kuchangia: ukiifunika ngozi kwa selotepu ya karatasi kabla ya kuchora, masizi mengi hubaki kwenye karatasi.

Sasa tufanye hesabu, maana mkopo haulipwi kwa sifa. Uso wa kubadhi moja ulikuwa na nakshi ya sentimita 10 kwa 6. Leza ilipita mistari 10 katika kila milimita, yaani mistari 600, kila mmoja wa sentimita 10. Hiyo ni safari ya mita 60. Kwa mwendo wa mita 3 kwa dakika, ni dakika 20. Jozi moja, dakika 40. Jozi 20 ni dakika 800, yaani zaidi ya saa 13 za kuchora. Kwa nyundo, kwa siku mbili kila jozi, zingekuwa siku 40.

Lakini hesabu hiyo haikuhesabu umeme. Ulikatika mara mbili katikati ya kazi. Uliporudi, mashine haikukumbuka ilipoachia, na vipande viwili vikaenda kwenye pipa la taka. Wala haikuhesabu muda wa mzee kuchagua ngozi, kupanga jozi zifanane na kushona. Oda ilikamilika siku moja kabla ya harusi. Malipo ya kwanza ya mkopo yakapelekwa kikundini. Na kwenye kisigino cha kila kubadhi, mjomba alipiga kwa nyundo nusu mwezi mmoja, kwa mkono wake. Pigo moja mkono bado unaliweza.

Msikilizaji mpendwa, nisikudanganye kwamba mzee sasa anaipenda mashine. Haipendi. Anasema ina harufu mbaya, na kwamba jani la kwanza na la mia ni lilelile, kana kwamba hakuna mtu aliyekuwepo. Sikumbishia.

Nilipoanza kazi ya redio nilimkuta fundi mitambo mmoja mzee aliyekuwa amekata kanda za sauti kwa wembe maisha yake yote. Kompyuta ilipokuja, sisi vijana tulimwona amepitwa na wakati. Akastaafu kimya kimya. Baadaye ndipo tulipogundua kwamba hatujui mahali pa kukata. Kompyuta ilitupa wembe mzuri zaidi, ila sikio lilikuwa limekwenda nyumbani pamoja na yule mzee. Jambo hilo limekuwa likinisumbua, na lilinisumbua zaidi pale Ngamiani.

Siku hizi vijana wengi wanaelezwa kwamba teknolojia itawapa ajira. Ni kweli, inaweza. Mashine hizi zinaingia kwa wingi, na si vibaya. Lakini anayenunua mashine ya leza bila kuijua ngozi amenunua njia ya haraka ya kuharibu ngozi. Tunacho chuo cha kufundisha teknolojia ya ngozi huko Mwanza, ambacho sasa ni kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Huko ni kwenda kusoma. Na wako pia wazee katika vibanda vya Tanga, vya Kariakoo, vya Unguja na vya Mombasa, ambao hawana cheti chochote ila hukunja ngozi kwa kidole gumba na kukuambia ni ya mgongo au ya tumbo. Huko nako ni kwenda kukaa, kwenye kigoda, kabla kibanda hakijafungwa.

Nilipoaga, mjomba alinipa ile jozi niliyoiharibu. Alikuwa ameishona na kuitia soli. "Vaa," akaniambia, "ukiulizwa, sema umejifunza kazi Tanga." Ninaivaa hata sasa ninapozungumza nawe hapa studioni, matawi yote mawili yakielekea upande mmoja.

Hadi juma lijalo, kwaheri.